Soko la Kwa Semvua Lilivyonipeleka Ugweno

Shoga zangu mlioko Tanga na Moshi, nawasalimu sana. Maneno yenu yamenifikia. Eti huko kwenu inasemwa Mama Mbonea ameliuza soko la Kwa Semvua. Jamani! Kwani soko ni kuku hata nilishike miguu niliuze? Mimi nilitumwa, nikaenda, nikarudi, nikasema nilichosikia. Sasa mmeniuliza ilikuwaje, na mimi kuulizwa nakupenda kuliko asali, nyie mnanijua. Mwandiko mtanivumilia. Herufi hizi nimezipata uzeeni kwenye elimu ya watu wazima, zingine zimesimama, zingine zimekaa chini kupumzika kama mwenyewe.

Nyie mmeolewa zamani, hamjui ya siku hizi. Serikali imewakusanya watu kule bondeni, upande wa Makanya, imewapa kijiji cha ujamaa. Wengi ni wale waliokuja kukata mkonge kutoka mikoa ya mbali, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, wakazeekea huku. Nyumba zao zimepangwa mstari kama meno. Shule wanayo. Bomba wanalo, ingawa siku zingine linakohoa tu. Soko ndio hawana. Basi katibu kata, kijana mpole, si mtu wa huku, akapanda mpaka kwetu siku ya mkutano akasema, "Akina mama, soko lenu la Jumatano litateremka bondeni. Huko kuna barabara, lori linafika."

Weee! Mama Nakunda, jirani yangu, si mnamjua mdomo wake? Akasimama. "Soko hili liko hapa tangu Mungu anaumba mlima. Na mlima nao utateremka?"

Watu wakacheka. Yule kijana naye akacheka, halafu akasema, "Basi nileteeni historia yake. Kama ni mababu zenu waliliweka hapa, mimi mwenyewe nitakwenda wilayani kulisemea libaki. Mkishindwa kabla ya mkutano ujao, linashuka."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Wazee wakaulizwa. Mmoja akasema soko lilianzishwa na Semvua mwenyewe, shujaa. Mwingine akasema ni Wajerumani. Wa tatu akasema alikuwa anajua lakini amesahau, na tumpe muda. Mimi nikasema, Shangazi yangu Nietiwe yuko hai, aliolewa Ugweno kwa wahunzi wa majembe, na mama yake aliuza pale soko likiwa bado bichi. Kila mtu akanigeukia. Ndivyo nilivyotumwa.

Fikirini mzigo huo. Soko likishuka, wale vikongwe wetu wanaouza mafungu mawili ya ndizi wapate chumvi, nani atawashusha, nani atawapandisha? Mama Nakunda alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani, akaniambia, "Rudi na babu mmoja tu, mwenzangu. Hata akiwa mfupi."

Kuteremka mpaka bondeni

Mvua ilikuwa imekula barabara, hakuna gari lililopanda wala kushuka. Nikashuka kwa miguu. Kupanda mlima kunachosha pumzi, lakini kushuka kunachosha goti, na goti langu la kulia halisamehi. Kila kona nakaa, nakula kiazi. Nikakaa kona nyingi. Viazi vikaisha kabla ya mlima.

Sasa sikilizeni kioja. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Sabato, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vya Mbonea, mwanangu, vile vya kufunga kamba. Nimeingia kijiji kile cha ujamaa jua limeinama, mara naona watoto wanakimbia wanaita. Watu wakatoka na majembe mabegani, wakajipanga. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Wakanipa kiti!

Mimi nikasema moyoni, kumbe watu wa bondeni wana adabu hivi? Nikakaa. Nikapunga mkono. Shoga zangu, sitawadanganya, nilipunga mikono yote miwili.

Balozi wao wa nyumba kumi akaanza kunieleza, shamba la pamoja limelimwa kutoka hapa mpaka pale, choo cha shule kimebaki mlango. Nikamwambia vizuri sana, endeleeni. Akasema, "Tunashukuru, ndugu mkaguzi. Na wilayani mtuambie lini mbegu zinakuja?"

Nikasema, "Mkaguzi nani?"

"Si wewe umetoka wilayani?"

"Mimi nimetoka juu pale. Natafuta pa kulala."

Halafu yule aliyeanzisha wimbo akaangua kicheko mpaka jembe likamdondoka. "Tumemwimbia muuza ndizi!" Kicheko kikashika mstari mzima. Balozi peke yake ndiye hakucheka, alitaka kiti chake.

Yule mwanamke ndiye aliyenichukua kwake. Anaitwa Mama Hadija, Muha wa Kigoma, mumewe alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Akasonga ugali wa muhogo, mboga ilikuwa mchicha wa porini, haukuwa na mafuta wala nazi wala nini. Nikala. Moyoni nikasema, mbona mwanamke huyu mchoyo, hata harage moja? Kwetu mgeni akija bila maharage ni aibu. Nikatupa macho pembeni nione anaficha wapi. Hakuna alipoficha. Kulikuwa na chungu kimoja, nacho ndicho tulichokula.

Nikamuuliza, "Wifi, maharage hamli?"

Akasema, "Tunakula yakifika. Lori linaleta, lakini mwenye lori anauza kama anauza dawa. Siku moja nilipanda kwenye soko lenu na mtoto mgongoni. Nimefika, mnakung'uta vikapu. Mama mmoja akanicheka, akasema watu wa mkonge wanakuja saa ya kufagia ili wapewe bure."

Maneno hayo nayajua. Hayakuwa yangu siku hiyo, lakini kwenye kucheka nilikuwepo.

Makanya mpaka Same

Kesho yake Ijumaa nikaenda stesheni. Treni ya asubuhi, nikaambiwa. Asubuhi ikapita. Nikamuuliza mwenye bendera, akasema inakuja. Adhuhuri nikamuuliza tena, akasema, "Mama, nimeshakwambia inakuja. Sijakwambia inafika." Nikampenda yule kijana, ana maneno kama mtu wa kwetu.

Ilipofika, jua lilikuwa linakimbilia kulala. Mimi ni Msabato, mnajua. Nikawa nachungulia dirishani, naliambia jua, ngoja kidogo, ngoja. Halikungoja. Tunaingia Same, ule upepo wa Same wenye vumbi unatupokea, na Sabato imeingia.

Nje kulikuwa na lori linakwenda Mwanga. Dereva akaniita, "Mama, panda, nafasi ipo, sikudai kitu, nitakufikisha sasa hivi!"

"Asante mwanangu. Jua limezama."

"Kwani jua likizama na wewe unazima?"

"Nazima mpaka kesho jioni."

Akanitazama kama anatazama injini iliyokufa njiani, akaondoka. Nikabaki na kikapu changu. Pembeni palikuwa na mwanamke anapikia wasafiri, Mrangi, mtu mnene, sauti kama ya kiongozi wa kwaya. Akaniuliza nimeachwa na gari? Nikamwambia mimi ndiye nimeliacha. Nikamweleza habari ya Sabato. Akanivuta kwake nyuma ya kibanda, akanimiminia chai.

"Dada, chai ya majani situmii."

"Haya. Kuna nyama ya mchuzi hapa."

"Ya mnyama gani?"

"Mimi ni Mwislamu, unauliza mnyama gani?"

Tukacheka. Akasema, "Chai hunywi, nguruwe huli kama mimi, Jumamosi huendi. Sasa wewe mwenzangu kazi yako nini duniani?"

"Kusema," nikamwambia.

Na siku ile ya Sabato tulisema kweli. Nikamweleza shida ya soko. Yeye akanieleza Same. Anasema mkwe wake mzee alikuta hapa vichaka na swala. Treni ikawa inasimama kunywa maji, na watu wakisimama wanasikia njaa, mama mmoja akaleta ndizi mbivu, mwingine akaleta maziwa, mwingine akaweka paa la nyasi asiungue jua. "Mji huu wote unaouona, na maduka, na ofisi za wakubwa," akasema, "umeanza na tumbo la msafiri."

Nikamuuliza, na babu aliyeanzisha ni nani? Akasema, "Babu wa nini? Babu angekuja kula tu."

Mwanga na kupanda Ugweno

Jumapili asubuhi nikapata basi. Likaharibika njiani mara ya kwanza, tukala mahindi ya kuchoma ya mtu ambaye hatukumwona, alikuwa ameacha moto akaenda shambani. Wengine walimwachia senti pale kwenye jiwe, mimi nilimwachia viazi nilivyopewa Same. Likaharibika mara ya pili, hapo hapakuwa na kitu cha kula ila kumlaumu dereva, tukamlaumu wote mpaka tukashiba.

Mwanga sikukaa. Nikaanza kupanda Ugweno na kikapu kichwani. Ee, huko nako ni milima, na migomba imefunika nyumba usione mtu mpaka akusalimie. Nikakutana na watu wanatoka kanisani, Walutheri, wamevaa vizuri. Mzee mmoja akanisimamisha, ana fimbo na tai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama, leo Jumapili, unabeba mzigo?"

"Baba, mimi nilipumzika jana."

"Jana ilikuwa siku ya kazi!"

"Na nyie mlifanya. Mungu ametugawia zamu, ili dunia isilale yote."

Mkewe akacheka akaziba mdomo na kitenge. Na ndio huyo mkewe aliyenipeleka mpaka mlangoni kwa Shangazi Nietiwe, na mzigo akanipokea, siku ya Jumapili, mumewe anatazama.

Kwa Shangazi

Shangazi alikuwa amekaa juani kwenye ngozi, amekauka kama jani la tumbaku, ugoro mkononi. Macho yameingia ukungu lakini masikio, jamani, ya swala.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani?"

"Mtoto wa kaka yako. Nambike."

Akanipapasa mkono mpaka begani. "Nambike alikuwa mwembamba."

"Nimezeeka, Shangazi."

"Uzee haunenepeshi. Umekula." Halafu akauliza, "Umeniletea nini?"

Nikampa ndizi kavu na magadi. Akayaonja magadi kwa ulimi, akasema siku hizi hata magadi hayana nguvu, na mama yangu mimi alikuwa mvivu wa kupalilia, na kwa nini nimekaa miaka yote bila kuja. Nikapokea vyote. Mtu akikaa karibu karne anadai riba ya maneno.

Usiku hakutaka kusema kitu, analala na kuku. Asubuhi akala uji, akavuta ugoro, akapiga chafya yake, ndipo nikamwambia, "Shangazi, nipe babu."

"Babu wa nini?"

"Babu aliyeanzisha soko la Kwa Semvua. Wanataka kulishusha bondeni. Tukileta babu, linabaki."

"Babu hakuwepo," akasema. "Ilikuwepo njaa."

Nikamwambia, basi nieleze huyo Semvua. Akauliza, "Semvua yupi? Yule wa kelele?" Akacheka, ugoro wote ukamwagika kwenye ngozi, tukaanza kuuokota punje kwa punje huku anasimulia. Nawaandikia kama alivyosema.

Anasema soko lile lilikuwa chini kabisa, mtoni, pale penye mkonge sasa. Wanawake wa juu wanateremka na ndizi na maharage, wa nyikani wanaleta maziwa, magadi, samaki wa Ruvu. Katikati kunainjikwa chungu kimoja kikubwa. Kila anayefika na chakula, kabla hajatandika jani lake, anatia konzi moja chunguni, mwenye mahindi mahindi, mwenye kunde kunde. Kinachemka mpaka mchana. Anayekila ni yule aliyetoka mbali akaja mkono mtupu. Kwa nini? Shangazi anasema, mwenye njaa haulizi bei, anapora, na soko likiporwa mara moja wanawake hawarudi. Basi mnamlisha kwanza, ndio mnapatana. Hakikuitwa jina lolote, makande tu. Mtunza chungu alikuwa mama yake, bibi yangu mimi.

Ikaja vita ya wazungu na wazungu. Askari wanapita bondeni, wanachukua mbuzi, wanachukua wapagazi. Wanawake wakaona hapa si mahali. Bibi akakitia kile chungu kichwani, akapanda nacho mpaka kwenye kile kituta cha katikati ya mlima, tunapopumzikia. Waliomwona wakamfuata. Soko likawa pale. Halafu mvua zikakataa, bondeni watu wanakula mizizi, wanapanda mlima kutafuta chakula, wengine wanakufa kabla ya kufika kwenye kituta. Hapana, akajisahihisha Shangazi, wengine wanakufa wameshakipita, cha chunguni hakiwatoshi, wanatafuta zaidi juu. Bibi akakibeba tena, akapanda nacho mpaka juu, migomba ilipo, akakiinjika penye uwanja wa kwanza aliouona.

"Ndio uwanja wa Semvua?" nikauliza.

"Shamba lake la viazi! Akatoka na fimbo, anapiga kelele, mnanikanyagia viazi, ondokeni! Kila Jumatano anatoka, kila Jumatano anapiga kelele. Watu wakawa wanaambiana, tukutane wapi? Kwa Semvua, kwa yule wa kelele. Mpaka akachoka. Siku ya mwisho alikuja na bakuli."

Shoga zangu, nilihisi kama mtu aliyepanda mlima kuteka maji akakuta amebeba pakacha. Nimekuja kuchukua ushahidi kwamba soko halijawahi kuhama, nimepewa soko lenye miguu.

"Na chungu kilikwenda wapi?" nikamuuliza. Maana mimi sikukikuta.

"Mkashiba," akasema Shangazi. "Wewe si unaona ulivyonenepa."

Kurudi, na babu niliyemuumba

Nimeondoka kwake Jumanne na kilio, maana tulijua hatutaonana tena, na yeye alinilaumu kwa hilo pia. Mwanga nikapata lori la kwenda Makanya. Nimekaa juu ya magunia na mzee mmoja wa Lembeni. Kichwani mwangu kunachemka. Nikasema, Mama Mbonea, nani atajua? Shangazi hatashuka kule Ugweno kuja kubisha. Sema Semvua alikuwa shujaa, basi, soko linabaki, vikongwe wanauza ndizi zao, umepona.

Nikaona nijaribu kwa yule mzee, kama mtu anavyoonja chumvi. Nikamwambia, huko kwetu kulikuwa na mkuu mmoja, Semvua, mrefu, upinde wake haukuvutwa na mtu mwingine, ndiye aliyetuwekea soko. Nikanogewa, nikampa na ng'ombe mweupe.

Mzee akatikisa kichwa. "Semvua! Namjua sana. Babu yangu alipigana naye bega kwa bega. Na yule ng'ombe kweli alikuwa mweupe."

Nikaogopa, shoga zangu. Mtu nimemuumba asubuhi, mchana ameshapata marafiki. Nikajifunika kitenge mpaka Makanya, sikusema tena, na nyie mnajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Nililala stesheni. Kesho yake, Jumatano, nikaanza kupanda. Nimefika kwenye kile kituta cha katikati, nimekaa nalipumzisha goti, naona mwanamke anashuka, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Mama Hadija. Alitoka usiku ili safari hii awahi. Nikamuuliza, "Umewahi?" Akanishushia kikapu nione. Ndizi chache, zile zilizopasuka, na maharage ya kutia kiganja kimoja. Kwenye maharage amekutana na wale wenye magunia wa kutoka mjini, wameshachukua yote asubuhi. Ameuza khanga yake moja apate hayo.

"Mtoto amekula nini?" nikauliza.

"Tutakula nyumbani."

Tulikuwa tumekaa palepale bibi yangu alipoinjika chungu. Mimi nilijua, yeye hakujua. Mtoto alikuwa ananyonya kona ya khanga ya mama yake. Kikapuni nilibakiwa na ndizi kavu za Shangazi, alizonirudishia eti ni ngumu. Nikampa mtoto. Hakuuliza bei.

Mkutano

Mkutano ulikuwa kesho yake. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Mama Nakunda amenikalisha mbele, ananinong'oneza, "Umemleta?" Nikamwambia nimeleta kitu. Akanibana mkono kwa furaha.

Katibu kata akasema, "Haya mama, tunasikiliza."

Nikasimama nikasema yote. Mto, vita, kituta, njaa, chungu. Nilipofika kwenye viazi, mzee mmoja wa ukoo wa Semvua akaruka, "Unamtukana babu yangu!"

"Simtukani, baba. Viazi vilikuwa vyake, hilo halina ubishi."

Wengine wakacheka, lakini si wengi. Nilikuwa naona nyuso zinafungwa moja moja, kama madirisha upepo ukija. Katibu kata yeye uso umefunguka. Akasimama, "Basi mmesikia wenyewe! Soko hili limekuwa likihama. Jumatano ijayo ni bondeni."

Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja, sijamaliza. Sijasema mtu alilihamisha kwa kusimama mkutanoni. Kila mara lilibebwa na mwenye chungu, na wenzake wakataka wenyewe kumfuata. Anayetaka kubaki hapa na kikongwe wake abaki, asiandikwe jina wala asitajwe. Ukikubali hivyo, mimi nitashuka na chungu. Usipokubali, historia yako unayo, lakini wanawake hutawapata."

Akafikiri kidogo, akatazama karatasi zake, akatazama wanawake. "Na wewe na hilo goti utashuka?"

"Goti si lako."

Akasema haya, tuone.

Mama Nakunda alikuwa ameshasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma, maana Mama Nakunda asipopiga kelele ujue ameumia. Akasema mbele ya wote, "Tulikutuma utuletee babu. Umetuletea chungu." Akajitanda kitenge chake akaenda zake. Huo ndio mwanzo wa maneno mliyoyasikia Tanga. Wiki ile moto sikuombwa wala sikuomba, nyumba yake na yangu ni mgomba mmoja tu katikati. Mbonea mwenyewe aliniambia, "Mama, ungesema uongo mdogo tu." Nikamwambia uongo mdogo nilishauona, ulikuwa na ng'ombe.

Jumatano bondeni

Nikashuka na chungu changu kikubwa cha kupikia misiba, ndani nimetia mahindi na mafungu yangu mawili ya ndizi. Walionifuata walikuwa wawili, nao walikuwa wakwe zangu, hawakuwa na la kufanya.

Uwanja waliotupa ni mweupe, mchanga tu na miiba imefyekwa jana yake, jua linauma. Nikainjika chungu. Nikatia konzi yangu. Mama Hadija akaja na konzi ya muhogo mkavu, ndio alichokuwa nacho, akatia, akachochea kuni. Watu wa kijiji wakatoka mmoja mmoja, wakasimama mbali, wanatazama. Balozi akaleta kile kiti chake akakaa, akanitazama kama anasema leo nitakaa mimi.

Chungu kikachemka. Wakaja Wamasai wawili wanawake na vibuyu vya maziwa, wanapita njia yao, wakasikia harufu, wakauliza. Nikawatilia. Wakakaa. Mmoja akafungua kibuyu. Ndizi zangu ziliisha kabla sijazipanga. Halafu tukabaki tumekaa na uwanja mtupu, na mlimani hakushuki mtu. Nilikuwa natazama ile njia mpaka macho yanatoa machozi ya jua. Nikajiambia, bibi yako alifuatwa. Wewe si yeye, wewe unasema sana.

Kule juu, baadaye niliambiwa, walikuwepo wengi, wamekaa mahali pao, hawasemi. Na mpaka leo wako ambao hawajashuka na hawatashuka, na sina neno nao. Uwanja wa juu bado ni wao.

Mchana umeshapinda ndipo nikasikia mtu anagombana na miiba nyuma yangu. Sikugeuka. Mkungu wa ndizi ukatua chini, puu. Halafu gunia dogo la maharage. Mtu anahema kama treni ya Ijumaa.

Mama Nakunda akachungulia chungu. Akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Kimeinama," akasema. "Hata kuinjika hujui." Akakiweka sawa kwa kitenge, akashika maharage, konzi moja, akatia. Akafuta mikono. Uwanja wote ule, shoga zangu, tangu dunia iumbwe hakuna mwanamke aliyewahi kuuza hata tango pale. Akanisukuma na nyonga.

"Sogea huko. Umekaa mahali pangu."

Nikasogea.